Mwombezi Aliyenuna

Jumatano ile kikundi cha maombezi cha pale Iyunga kilikuwa kimeshamaliza wagonjwa, kimeshamaliza wasafiri, kimeshamaliza na vijana wa kidato cha sita wanaosubiri matokeo. Mwenyekiti wao, Damari, alikuwa ameshafungua macho kuuliza kama kuna hitaji lililosahaulika, ndipo Evarista aliposimama. Evarista alikuwa mama mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara kuu, na siku hiyo alikuwa na furaha iliyomfanya ashindwe kutulia ndani ya kitenge chake.

"Bwana asifiwe, akina mama!"

"Amina!"

"Mwenyekiti wetu ni mtu wa kuficha mambo yake. Mimi siwezi. Mpwa wangu wa Iringa amenipigia jana, anasema Jackline tumbo limeshashuka kabisa, wakati wowote anajifungua. Jamani, Jackline wetu! Tumwombee."

Wanawake wote wakamgeukia Damari, midomo imeshaanza kutabasamu. Jackline ni binti yake wa pekee. Aliolewa na kijana aitwaye Adrian, wakahamia Mlandege, Iringa mjini, na Damari alikuwa ameongea naye kwa simu Jumapili tu iliyopita. Walizungumza habari za baridi, za kifua cha baba yake, za mchele wa Madibira anakofanya kazi Adrian. Habari ya tumbo haikuguswa.

Lakini mwenyekiti wa maombezi hawezi kuonekana mtu wa mwisho kujua kwamba anakuwa bibi. Damari akakohoa kidogo, akakaza kilemba, akasema, "Ndiyo. Nilitaka tumalize kwanza ya wengine." Kisha akafumba macho, akaomba kwa sauti yake ileile tulivu, iliyonyooka kama rula.

"Baba, tunamleta mbele zako dada yetu Jackline, mkazi wa Iringa, mwenye hitaji la kujifungua salama."

Akamwombea mwanawe kama anavyoombewa mtu wa wilaya nyingine. Amina ikaitikiwa kwa kishindo, Evarista akapiga kigelegele kilichogonga mabati, na Damari akatoka kanisani akitembea wima, masikio yote mawili yakimwaka moto.

*

Ukweli ni kwamba Damari na Mungu walikuwa wamenuniana. Tuseme vizuri: Damari ndiye aliyenuna, upande wa pili haukuwa umetoa kauli. Ilianza pale Jackline alipopoteza mimba ya tatu. Kwa mimba zote tatu Damari alifunga, akakesha, akakiita kikundi kizima nyumbani wakaomba mpaka majirani wakafunga madirisha. Baada ya ile ya tatu alipanda shambani kwake mlimani, akasimama kati ya matuta ya viazi, akamwambia Mungu kwamba ya watu ataendelea kumletea kwa kuwa ni kazi aliyokabidhiwa, ila ya kwake asimuulize tena. Tangu siku hiyo walikuwa wanaongea kikazi tu.

Cha kuudhi ni kwamba maombi hayo ya kikazi yalikuwa yanajibiwa. Alimwombea jirani ng'ombe aliyepotea, ng'ombe akarudi mwenyewe, tena ameongozana na mwenzake asiyejulikana. Alimwombea mwalimu mmoja apate mchumba, mwalimu akapata wawili kwa mpigo, ikabidi aombewe upya. Watu wakaanza kuja kutoka mpaka Mbalizi kumtafuta mama mwenye maombi. Damari aliwapokea, akawauliza jina na shida, akayapeleka mbele kama alivyoyapokea, na kurudi kwenye viazi vyake. Hakuna aliyegundua chochote. Angalau ndivyo alivyoamini.

Siku hiyo alimkuta mumewe, Jailos, ameketi nje ya jiko anatia mpini kwenye jembe.

"Baba Jackline."

"Naam."

"Binti yako ana mimba."

Jailos akacheka. Hilo peke yake halikuwa na maana yoyote, maana Jailos alikuwa mtu wa kucheka. Alicheka akifurahi, alicheka akiogopa, na kwenye mazishi ya mjomba wake alicheka mpaka wazee wakamtoa nje huku machozi yakimtiririka. Mkewe alikwisha kuacha kukitafsiri kicheko chake. Ila safari hii alikuwa anacheka huku akilitazama jembe.

"Ulijua!" Damari akasema.

"Nilijua kidogo."

"Mimba haijulikani kidogo, Baba Jackline. Tangu lini?"

"Tangu tunapalilia mahindi."

"Mahindi tumeshayavuna!"

"Ndiyo maana nasema kidogo. Sikuwa naijua kila siku. Siku nyingine nilikuwa naisahau."

Damari akakumbuka. Tangu masika mumewe alikuwa na tabia mpya ya kuinuka katikati ya chakula, kwenda nyuma ya choo, na kucheka huko peke yake. Alidhani ni uzee. Akavuta kigoda, akaketi, akapiga simu Iringa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuna kitu unataka kuniambia?"

"Nani amekwambia?"

"Nimeambiwa kanisani, Jackline. Kwenye mahitaji. Mwisho kabisa."

"Jamani, mama! Nilitaka nizae kwanza, halafu nikupigie umsikie analia."

"Kwa hiyo maombi yangu hayana kazi."

"Sijasema hivyo." Jackline akavuta pumzi. "Mama, wewe ukijua, Iyunga yote inajua. Ile ya tatu watu walikuwa wananipigia kunipongeza na mimi nimeshatoka hospitali mikono mitupu. Nilishindwa kuwaambia. Nikawa nasema asante. Asante, asante, siku nzima."

Damari alikuwa hajawahi kulisikia hilo. Alilichukua jembe la mumewe, akaliegemeza ukutani.

"Nakuja kesho," alisema.

"Usije na kikundi."

"Nakuja na baba yako tu. Na yeye nitamkanya asicheke."

*

Waliposhuka Iringa mchana wa kesho yake upepo wa mwezi wa sita ulikuwa unapiga kama una kesi na watu. Jackline hakuwepo nyumbani. Uchungu ulimwanza asubuhi, akapelekwa hospitali na mama mwenye duka ambaye Jackline hushona nguo barazani kwake, na huyo mama ndiye waliyemkuta kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi. Ni mwanamke wa Kihindi, mfupi, sweta juu ya gauni refu, chupa ya chai miguuni na tasbihi mkononi. Alisimama mara tu alipowaona.

"Kamwene! Karibuni, karibuni. Mimi Rubab. Wewe ndiye mwombezi."

Damari hakutegemea kusalimiwa Kihehe na Mhindi. "Nani amekwambia mimi mwombezi?"

"Binti yako. Anakusifia mpaka anachosha wateja." Rubab alikuwa ameshaanza kumimina chai. "Mimi nimezaliwa hapahapa Mlandege, mama yangu kazaliwa hapahapa, sijawahi kumwona mtu anamsifia mama yake namna ile. Kunyweni, kuna baridi."

"Na wewe ulijua?"

"Tumbo lilikuwa linagusa cherehani! Ningeachaje kujua? Nimemwombea kila alfajiri. Nimemtaja mpaka naona haya, kama mteja anayeulizia kitu kilekile kila siku."

Damari akapokea kikombe. Ndani yake kukapita kitu kilichomshangaza yeye mwenyewe, wivu, tena wivu mkali wa mtu aliyekuta shamba lake limelimwa na jirani. Kila alfajiri! Yeye alfajiri alikuwa anawaombea ng'ombe wa watu.

Jailos hakusaidia. Alikuwa ameshakaa katikati ya ndugu wa wagonjwa wengine, akiwaeleza habari za mwalimu na wachumba wake wawili, na benchi zima lilikuwa linacheka. "Mke wangu huyo," alisema, akimwonyesha kwa kidole. "Akifumba macho tu, mambo yanatokea. Mama Jackline, hebu waombee hawa na binti yetu, watu wapate moyo."

Kofia zikavuliwa. Mitandio ikavutwa mbele. Hapakuwa na pa kukimbilia. Damari akasimama, akaitoa sauti yake ya Jumatano, akamwombea Jackline na wote walio wodini, na wauguzi, na uongozi wa hospitali, kwa mpangilio mzuri, bila kuruka mtu. Watu wakaitikia Amina kwa heshima. Alipoketi, Rubab alikuwa anamtazama kwa pembeni.

"Nini?" Damari akauliza.

"Hakuna. Umeomba vizuri sana."

"Sema, mama."

"Mimi dini yangu nyingine, nisije nikakosea." Rubab akafunga chupa ya chai. "Nimeona kama umemsomea taarifa."

Damari aligeuka kumjibu jibu ambalo lingewafanya wasisemeshane mpaka mtoto aote meno, lakini mlango ukafunguka na muuguzi akachungulia.

"Mama wa Jackline ni nani? Ingia kidogo. Anakuita, na anatupigia kelele."

*

Jackline alikuwa amelala ubavu, uso umelowa jasho, nywele zimesimama pande zote. Alipomwona mama yake alicheka, kicheko cha baba yake mtupu.

"Umekuja na kilemba cha kanisani!"

"Pole, mwanangu. Wanasemaje?"

"Mtoto amechoka, mapigo yanashuka. Wananiandaa kwa upasuaji, daktari anakuja sasa hivi." Alisema harakaharaka, kama mtu anayetaja habari za jirani, lakini mkono wake ulikuwa umeung'ang'ania ukingo wa kitanda.

Damari akaushika mkono huo. "Ngoja nikuombee," akasema, akafumba macho, na maneno yakatoka yenyewe kwa njia yaliyoizoea. "Baba, tunamleta mbele zako dada yetu Jackline, mkazi wa..."

"Mama."

"Nini?"

"Mimi dada yako?"

Damari akafungua macho. Alitafuta neno lingine la kuanzia, hakulipata. Kinywa kilichokuwa kimebeba shida za Iyunga nzima kilikuwa kikavu.

"Siwezi," akanong'ona. "Jackline, siwezi. Sijui niseme nini."

"Najua. Ngoja niombe mimi."

"Wewe una uchungu!"

"Ndiyo maana. Nitasikilizwa haraka." Jackline hakufumba macho. Alitazama dari, akaongea kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili. "Mungu, huyu ni mama yangu. Amenuna. Amekununia tangu ile ya tatu, anafikiri hatujui. Baba anajua, mimi najua, hata kwenye simu nasikia. Wewe unamfahamu, akinuna hawezi kuanza yeye kuongea, mpaka aanzwe. Basi mwanze. Halafu umwambie halikuwa kosa lake. Hakukosea kuomba. Mimi nimetaka kumwambia nikashindwa, nikaishia kumficha tumbo. Mwambie wewe, na usikawie maana hapa... yoooo, mama!"

Uchungu ukamshika. Ukampinda, ukamwachia. Alipopata pumzi akamalizia, "Amina," kwa ukali, kama anayegonga meza.

Katika miaka yote ya uenyekiti wake hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Damari kama na yeye ana hitaji. Alisimama pale akiwa ameombewa, hajui aweke wapi mikono. Alitaka kusema kitu, lakini wauguzi walikuwa wameshaingia na kitanda cha magurudumu, mmoja akamsukuma taratibu kwa nyonga, na Jackline akapita mbele yake akiwa amelala chali, akimpungia mkono kama abiria.

*

Nyuma ya wodi kulikuwa na uwanja mdogo wenye kamba za kuanikia. Khanga na mashuka ya wagonjwa yalikuwa yanarushwarushwa na upepo. Damari aliingia katikati ya nguo hizo kwa sababu ndipo mahali pekee pasipokuwa na mtu wa kumuuliza habari.

"Wewe," alisema.

Akashtuka mwenyewe. Kwa muda wote ule wa kununa alikuwa akimwita Mwenyezi, Mfalme wa wafalme, Bwana wa majeshi, vyeo vikubwavikubwa vya kumweka mbali. Sasa alikiacha Kiswahili cha kanisani chote, akaingia Kinyakyusa cha kwao Tukuyu, cha kugombania maji kisimani, ambamo Mungu ni Kyala.

"Wewe, Kyala. Tuongee. Mambo ya kikundi leo niyaache. Watatu! Nilikuomba mmoja, wakaondoka watatu, na kila mmoja nilikuwa nimeshampa jina. Unayajua. Wewe peke yako unayajua, hata Jailos sijamtajia. Halafu unaniletea ng'ombe! Tena wawili! Nani alikuwa na haja na ng'ombe? Mwenye ng'ombe unamsikia, mimi hunisikii? Nilifikiri kuna neno nimeliruka. Nimeyarudia maombi yale kichwani tangu mwanzo mpaka mwisho kama mtu aliyedondosha sindano, natafuta ni wapi nilikosea. Na wewe kimya. Kimya! Hata Jailos nikimnunia hucheka!"

Shuka moja likavimba na upepo, likampiga usoni. Akalisukuma. Likarudi, zito, limelowa, la baridi, likamfunika kichwa kizima pamoja na kilemba chake, likamzunguka mabegani. Damari akahangaika humo ndani akitafuta pa kutokea, na akiwa bado humo, ndani ya shuka la mtu asiyemjua, akayakumbuka maombi yake ya dada yetu Jackline mkazi wa Iringa, kicheko kikamtoka.

Kilimtoka kama chafya. Alijaribu kukizuia kikazidi. "Ulinivumiliaje?" akauliza, bado amefunikwa. "Miaka hii yote? Mbele zako, kwa niaba ya, mwenye hitaji la... Ulikuwa unakaa unanisikiliza?" Akacheka mpaka akachuchumaa, shuka likamwachia, na hapo chini kicheko kikageuka kilio bila hata kubadilisha sauti. Akalia wale watatu. Alikuwa hajawalia. Alikuwa amenuna tu.

Alipopangusa uso, sauti ilikuwa imeshuka. Alisema kama anayeongea na mtu aliyechuchumaa karibu.

"Nisamehe. Nilikuwa naogopa. Nikikuomba cha kwangu ukaninyima tena, nitakuwa mgeni wa nani? Nikaona bora nikae mlangoni nipokee ya watu. Na mimi nimekusamehe. Sijui kama hilo linaruhusiwa, mchungaji sitamuuliza. Basi sikiliza. Namtaka mtoto huyu, na namtaka mama yake. Sitaweza kusema ikitokea vingine ni sawa, maana si sawa, na leo sisemi uongo. Ila siondoki tena. Ikitokea vingine nitalia hapahapa, nikiwa nakutazama wewe. Hilo naweza."

Hakusikia sauti wala hakuona kitu. Nguo ziliendelea kupepea. Lakini Damari alijikuta mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni na mabega bado yanainuka yenyewe, na alishangaa kuona kwamba hofu yake bado ipo, ileile, kubwa, ila sasa haikuwa peke yake naye.

Ndipo Jailos akatokea pembeni ya jengo. Alikuwa anakimbia, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, machozi yanamtiririka, anacheka.

Mtu gani huyu, ambaye kicheko chake hakijawahi kuwa habari! "Sema!" Damari akapiga kelele. "Baba Jackline, sema!"

Jailos akafungua mdomo, akacheka zaidi, akanyoosha kiatu juu.

"Kwa jina la Yesu, mwanamume wewe, sema!"

"Msichana!" Ilikuwa sauti ya Rubab, anayekuja nyuma anahema, sweta limemwendea upande. "Msichana! Mwanzoni kanyamaza, wakamsugua mgongo, kakasirika huyo, kalia mpaka nimemsikia mimi nje! Mama yake mzima, wanamshona!"

Damari alimkamata Rubab kiunoni, akamwinua kutoka ardhini na chupa yake ya chai, akamzungusha. Kisha akapiga kigelegele ambacho Evarista mwenyewe angekivulia kilemba. Wanawake waliokuwa wakisubiri mbele wakakisikia, wakaitikia, na kufumba na kufumbua uwanja wa kuanikia ulikuwa na watu wasiojuana wanarukaruka kati ya mashuka, Jailos katikati yao akicheza na kiatu mkononi. "Ndaga, Kyala! Ndaga fijo!" Damari akaimba, yaani asante sana, Mungu, na Wahehe na Wabena wasiojua Kinyakyusa wakaitikia hivyohivyo, fijo, fijo.

Mlinzi akaja kusema hapa ni hospitali. Akapewa chai.

"Na kule getini kuna mtu," mlinzi akasema akipuliza kikombe. "Ana gunia la mchele anasema ametoka nalo Madibira kwa pikipiki. Magunia hayaruhusiwi. Anasema ana mke humu."

Kumbe ni Adrian. Walimkuta amesimama nje ya uzio, vumbi mpaka kope, gunia begani, amesahau kulitua.

"Shikamoo mama, shikamoo baba," akasema. "Kuna habari yoyote?"

"Wewe ni baba wa mtu!" Damari akamwambia kupitia wavu.

Adrian akakaa. Hakuangalia pa kukaa, alikaa tu, na bahati nzuri gunia lilikuwa limeshatangulia kuanguka. Aliwatazama mmoja mmoja kama anayesubiri wamwambie ni utani. Mlinzi akamhurumia, akafungua geti. "Haya pita, baba mtu. Ila mchele ubaki."

*

Damari alirudi uwanjani kwa ajili ya lile shuka. Alikuwa amelivuta kwenye kamba likachafuka, na hakutaka mwenyewe alikute hivyo. Alikuwa analisuuza bombani alipohisi kuna mtu. Kijana mwenye koti jepesi alisimama upande wa pili wa kamba, nguo ya kike iliyokamuliwa mkononi. Ilionekana amekuwepo muda mrefu.

"Samahani, mama," alisema. "Shuka hilo ni la kwangu. La mke wangu."

"Pole sana, mwanangu. Nimelichafua. Nitalifua upya."

"Si kitu." Hakuondoka. Alikuwa anaikamua nguo ambayo haikuwa na maji tena. "Nilikuwepo hapa wakati ule. Sikutaka kusikiliza. Mimi Mhehe, maneno sikuyaelewa. Ila nilikusikia ulivyokuwa unamgombeza, na nikajua unamgombeza nani. Mtu hawezi kumgombeza hivyo asiyefahamiana naye."

Damari akafunga bomba.

"Mimi sifahamiani naye sana," kijana akaendelea, akitazama chini. "Nimekaa mbali siku nyingi. Mke wangu yuko wodi ile ya mwisho. Leo asubuhi hajanitambua. Nikasema labda nikuombe wewe, mama, unisemee."

"Mimi nitakusemea, lakini na wewe utasema. Hata neno moja. Unaitwa nani?"

"Eliezeri."

"Na yeye?"

"Semeni."

Kutoka mbele ya wodi Jailos alikuwa anaita kwa sauti ya mtu aliyelewa bila kunywa. "Mama Jackline! Mama Jackline! Wamemtoa! Wanasema bibi aje ampokee!"

"Mwambie mjukuu wangu anisubiri kidogo," Damari akajibu bila kugeuka. "Nina maongezi hapa."

Akapangusa mikono kwenye kitenge, akapita chini ya kamba kwenda upande aliosimama kijana, akamshika vidole vyake vilivyopoa kwa maji. Hakukaza kilemba wala hakukohoa. Alifikiri kidogo juu ya mwanamke yule asiyemjua, aliyelala bila kumtambua mumewe, mpaka shida hiyo ikawa kama ya kwake. Kisha akainamisha kichwa karibu na kichwa cha Eliezeri na kuanza kuongea, polepole, kwa sauti ya chini ambayo watu wa Jumatano walikuwa hawajaisikia.

"Huyu hapa amerudi," alisema. "Na mkewe anaitwa Semeni."